Fundi Pua na harufu asiyoisikia

Saa moja na robo asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na saba anavuka barabara ya vumbi akiwa ameshika kijiti cha kupimia oili kwa uangalifu wa muuguzi aliyebeba kipimajoto. Ncha yake ameifunika kwa kitambaa cheupe. Anapanda ngazi mbili za kibaraza cha mshonaji, anasimama mbele ya cherehani na kusubiri.

Mshonaji, ambaye ni mkewe, hainui macho. Anaufikisha mshono ukingoni, anakata uzi kwa meno, kisha anainamisha pua juu ya kijiti.

"Imeungua kidogo. Petroli hamna."

"Una hakika?"

"Baba watoto, nimeolewa na oili miaka thelathini na moja. Nenda, umeacha gari juu ya jeki."

Anavuka tena kurudi gereji. Huko wateja wanamwita Fundi Pua.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata enzi ambazo aliweza kuinusa oili chafu na kutaja ugonjwa wa injini kabla ya kufungua boneti. Harufu ya kuungua ilimwambia kwamba turbo inapikwa. Harufu ya petroli ilimwambia kwamba nozeli, kinyunyizio cha petroli, inavuja na kuizimua oili iwe kama maji. Wakati huo alihudumia magari kumi na manne kwa wiki, na wenye magari walipanga foleni si kwa ajili ya spana zake bali kwa ajili ya pua yake. Sasa hupata matano. Kwa hesabu yake mwenyewe, faida ya gari moja hutosha chakula cha nyumbani cha siku mbili, ilimradi asije mgeni.

Karibu magari yote anayoyahudumia ni ya zamani na yana turbo, mashine ambayo watu wengi huiendesha bila kuielewa. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na mhimili wake hauegemei chuma bali utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, chuma hukutana na chuma. Hapo mazungumzo huwa mafupi.

"Injini iliyotembea kilomita laki tatu imelegea," anaeleza huku akifungua nati ya kumwagia oili. "Ukiipa oili nyepesi ya magari mapya, inapita kama maji kwenye kikapu. Ukiipa nzito kupita kiasi, asubuhi ya baridi turbo inazunguka kavu kabla oili haijafika. Mimi nachagua ya unene wa kumi kwa arobaini. Watu wa vituo vya mafuta wanamuuzia kila mtu ya tano kwa thelathini, kwa sababu ndiyo iliyojaa rafuni."

Kazi yake haina haraka. Huiwasha injini dakika kumi ili oili chafu ilainike, huiacha imwagike hadi tone la mwisho, na huijaza filta oili mpya kabla ya kuifunga. Kisha huchomoa waya wa plagi na kuizungusha injini bila kuiwasha, hadi taa ya oili izime. Maana yake turbo imeshalowa. Mafundi wengi huiruka hatua hii, kwa kuwa mteja haioni.

Kwa hiyo fundi huyu si mzembe. Hilo linafaa kusemwa mapema.

Miaka miwili iliyopita alishikwa na homa kali kwa siku tisa. Homa ilipoondoka, iliondoka na harufu. Aligundua siku aliyokaa jikoni akisoma gazeti huku maziwa yakiungua kando yake. Mkewe aliingia akipiga kelele, na yeye akamuuliza kuna nini. Daktari alimwambia mishipa ya pua imekufa, akamwandikia dawa ya matone, na hakueleza matone hayo yangefufua nini.

"Nilificha," anasema. "Fundi Pua asiye na pua, nani atamletea gari?"

Tangu hapo mkewe ndiye anayenusa. Wateja hudhani fundi anavuka barabara kuwasha sigara.

Mpango huo ulifanya kazi kwa miezi ishirini. Kisha mke akasafiri kumzika shangazi yake, na siku hiyohiyo mkunga akaleta gari.

Mkunga ni mwanamke wa makamo mwenye kicheko kikubwa, anayezalisha wanawake majumbani katika vijiji vya mlimani ambako gari la wagonjwa halifiki. Gari lake lina umri wa miaka ishirini na sita. Siku zote lilikuwa likinywa oili, karibu lita moja kila mwezi. Siku hiyo alishuka akiwa na furaha.

"Fundi, limeokoka! Siku hizi halinywi hata tone!"

Fundi alicheka naye. Alichukua tone, akalisugua kati ya vidole, akaona ni jepesi. Mkunga akamwambia kwamba mwezi uliopita, kabla halijaacha kunywa, aliliongeza lita moja ya oili nyepesi. Maelezo yakatosha. Fundi akamwaga oili ile, akatia mpya, akamuaga.

Gari la zamani lenye turbo haliachi kunywa oili kwa kutubu. Kina kisiposhuka, kuna kitu kinachokijaza, na kitu hicho huwa ni petroli. Fundi alilijua hilo kabla mkunga hajajifunza kuendesha. Pua yake ingemkumbusha, pua haikuwepo.

Wiki sita baadaye turbo ilikufa katikati ya mlima, kwa moshi wa bluu na mlio ambao mkunga anaufananisha na sufuria inayokwaruzwa. Alibeba mkoba wake na kutembea saa moja na nusu hadi kwa mama aliyekuwa na uchungu. Alikuta mtoto ameshazaliwa. Mtoto hakulia kamwe.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba saa moja na nusu ingebadilisha lolote. Fundi haulizi, kwa kuwa anaogopa jibu lolote kati ya mawili.

Alipolifungua gari, alimpelekea mkewe oili yake. "Hii ni petroli tupu," mke alisema. Fundi akazisafisha nozeli, akafunga turbo iliyotumika, na hakutoza kazi yake. Kwa mkunga alisema neno moja: "Uzee." Mkunga akamshukuru mbele ya watu, akamsifu kwa utu wake. Sifa hizo, mke anasema, zilimnyima mumewe usingizi kuliko ambavyo matusi yangemnyima.

Leo, saa tatu, mkunga amelileta gari likaguliwe kwa mara ya kwanza tangu lipone.

"Fundi wangu! Mikono yako ibarikiwe. Safari hii tena, halinywi hata tone!"

Fundi hacheki. Anachomoa kijiti. Kina kimepita alama ya juu. Anakifunika kwa kitambaa, anavuka barabara.

Mkewe anaitambua rangi ya gari lililo ng'ambo, kisha anaendelea kukanyaga cherehani.

"Ya mkunga siinusi."

"Mama watoto, tafadhali. Ananingoja."

"Ndiyo maana. Pua anayo, gari ni lake. Mpe anuse."

"Ataniuliza kwa nini."

"Basi mjibu."

Fundi anapiga moyo konde na kurudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili kitambaa kiko mfukoni na kijiti kiko wazi.

"Sista, nusa hii."

"Mimi tena? Nimegeuka fundi leo?"

"Nusa tu."

Mkunga ananusa. Kicheko kinamkauka. "Petroli."

"Nozeli bado zinavuja. Zilikuwa zinavuja tangu ile siku uliyosema halinywi." "Sikuisikia. Sisikii harufu yoyote, mwaka wa pili huu. Mke wangu ndiye hunusa, na siku ile hakuwepo. Haukuwa uzee wa gari. Nilikuficha."

Mkunga anaweka kijiti juu ya injini, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama yule," anasema, "alikuwa ameshamchagulia jina."

Fundi anakirudisha kijiti mahali pake.

Mkunga anafungua mlango wa nyuma, anatoa mkoba wake na viatu vya kutembelea. Anaketi kwenye tairi kuukuu kuvibadilisha.

"Linachukua siku ngapi?"

"Kesho kutwa. Nozeli nne mpya, si za kusafishwa. Na oili nyingine, hii imeshaharibika."

"Nitakuja. Na nitainusa mwenyewe kabla sijawasha." Anaondoka kwa miguu kuelekea mlimani, bila kuaga.

Adhuhuri, fundi amepata kipande cha ubao na makopo mawili ya rangi. Mpango wake, anasema, ni kukitundika langoni jioni hii, hata kama magari matano yatakuwa mawili. Maneno ameyaandika kwanza kwa penseli kwenye boksi la filta: *Fundi hasikii harufu. Mteja anuse oili yake.*

Juu ya lango bado lipo bango la zamani lenye jina lake. Anamuuliza mkewe, aliyevuka kumletea chai, kama alifute.

"Liache," mke anasema. "Watakuwa wanauliza kwa nini unaitwa Pua. Nawe utakuwa unawajibu."