Mkeka Chini ya Budha

Kilichonitia kinyaa kwanza ni mate. Mdogo wangu alikuwa ameitemea mate karatasi yake ya kubashiri mpira, ile wanayoiita mkeka, akaisukuma chini ya sanamu ya Budha katika nyumba ninayofanya kazi. Nilimkuta akitafuta tumbo la kupapasa. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba tumbo la Budha lina bahati, na huyu wetu ni mwembamba, hana kitambi, basi akapapasa magoti.

Bosi wangu ni mnunuzi wa vito kutoka Sri Lanka. Siku za kazi anashinda Tunduru, Jumamosi anarudi nyumbani kwake huku Mjimwema, mimi nampikia. Kila asubuhi akiwapo huweka maua na bilauri ya maji mbele ya sanamu. Majirani wameshaamua kwamba ile ni dawa yake, ndiyo inayomvutia mawe. Ndugu yangu, mtu mzima wa miaka thelathini, fundi seremala mwenye mikono mizuri, naye akaamini.

Nilimfukuza, karatasi nikaisahau. Bosi akaiona jioni alipokuwa anabadilisha maji. Nilitamani sakafu inimeze.

Hakufoka. Aliishika kwa ncha za vidole, akaniita kwa Kiswahili chake cha Tunduru.

"Mama, Budha hapana toa namba. Budha anasema kamari inaharibu mtu. Ukishinda, watu wanakuchukia. Ukishindwa, unalilia mali. Ukisema neno mbele ya watu, hapana amini. Na mzazi hapana kupa binti yake."

Kwa hasira ya aibu nikamuuliza, na yeye na vijiwe vyake je, hiyo si tamaa?

Akacheka. "Mimi pia mgonjwa, mama. Lakini najua naumwa."

Sikucheka. Kesho yake, Jumapili, tulikuwa tunapeleka posa Peramiho. Baba yetu alishafariki, mimi ndiye mkubwa, na posa ya mdogo wangu ilikuwa mikononi mwangu. Usiku ule alinipigia magoti, akaapa kwa kaburi la baba kwamba ameacha. Asubuhi kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, nikaona mwanga wa simu ndani ya kitabu cha nyimbo cha mdogo wangu. Alikuwa anapanga mkeka wa mechi za mchana. Midomo inatembea kama ya mtu anayesali. Nilishindwa kwenda kukomunika.

Ningeweza kuahirisha safari. Nilikuwa na simu mkononi, na namba ya mshenga wetu ninayo. Lakini nilikuwa nimeshachagua vitenge vya sare, nimeshawaambia wanajumuiya wenzangu, na kwa miaka mingi nimekuwa natamani siku moja na mimi nikae mbele, nipigiwe vigelegele. Tukaenda.

Wakatupokea kwa togwa. Kwa wazee wa nyumba ile, mambo ya fedha na mbuzi huzungumzwa na washenga, lakini tabia ya kijana huulizwa mara moja tu, na anayejibu ni mkubwa wake. Akishajibu, haulizwi mtu mwingine. Mzee, baba wa binti, aliweka kata chini, akanigeukia mimi.

"Mama, wewe tunakujua. Unasali na dada yangu huko mjini, anakusifia. Neno lako kwetu linatosha. Kijana huyu ana ulevi? Anacheza hii michezo ya kubeti?"

Nilimtazama mdogo wangu. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwake, mechi zilikuwa zimeanza, naye ameibana kwa kiganja juu ya paja. Hakuwa hata ananiangalia mimi. Alikuwa anahesabu mitetemo. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Hanywi, baba," nikasema. "Na hachezi."

Mzee akapumua, uso wote ukalegea. Akina mama wakapiga vigelegele, nami, Mungu anisamehe, vilinipendeza masikioni.

Binti akatoka ndani akiwa na jagi la maji na beseni, maana chakula kilikuwa tayari. Ni msichana wa haya, kucha zake zina rangi ya udongo wa shambani. Akapiga magoti mbele yangu kabla ya wengine wote.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," nikaitikia, nikanyoosha mikono aninawishe.