Hata Fahali Huulizwa Baba Yake

Habari za kifo cha daktari wetu wa ng'ombe nilizipata Jumatano iliyopita nikiwa kwenye foleni ya kituo cha majani chai, kikapu mgongoni na mvua ikininyeshea, kama mkulima mwingine yeyote wa upande huu wa Silibwet. Jirani aliyekuwa mbele yangu aligeuka akasema, "Mwalimu, umesikia? Daktari ametuacha. Ni mapafu." Nikajikuta nimemmiminia maswali: ametuacha lini, alikuwa amelazwa wapi, nani alikuwa naye, alisema nini mwishoni? Jirani akanitazama kwa mshangao. "Ai, mwalimu, sasa umekuwa kama yeye." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina desturi ya kuwapamba marehemu, kwa kuwa kifo hakimgeuzi mchoyo kuwa karimu. Lakini juu ya huyu nina jambo la kusema, na sehemu ya jambo hilo inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Kusema kweli hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya fahali ambaye hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwona, mtu wa kutoka kule ziwani aliyekuja huku akiwa kijana na kuzeeka juu ya pikipiki, mtungi wa mbegu ukifuka baridi nyuma yake. Alijua Kipsigis cha kutosha kuomba maji na kumtuliza ng'ombe. Alichokuwa nacho tele ni maswali. Mkono ukiwa ndani ya ng'ombe hadi kwapani, alikuuliza kwa nini umepanda chai mpaka mlangoni halafu unanunua sukuma wiki sokoni. Alimwuliza mama yangu, ajuza asiyependa kuchezewa, kwa nini ukoo wetu ni wa korongo na si wa kuku. Kwetu, kama mnavyojua, kila ukoo una mnyama wake, na mtoto huchukua mnyama wa baba yake, mmoja tu, maisha yake yote. Wenye mnyama mmoja ni ndugu. Hawaoani, na hakuna anayeweza kumlaza mwenziwe nje. Bwana huyu aliona ajabu sana habari hizo, akawa anaandika kwa penseli nyuma ya kitabu chake cha mafahali: nyuki huyu, simba yule, tembo wale wa kule Siongiroi. Nilipomwuliza orodha hiyo ni ya kazi gani, alisema, "Si ya kazi, mwalimu. Nataka tu kujua naishi na nani." Nilimwona mbea tu, na nilisema hivyo mbele za watu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, fujo za makabila jirani zikiwa zimetulia lakini macho bado yakitazamana kwa pembeni. Binti wa dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miaka miwili akichuma chai ya watu. Akatokea bwana mmoja nadhifu, mwenye gari dogo jeupe na mkoba wa ngozi, akitafuta wasichana wa kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Kiarabu. Alitusalimia kwa Kipsigis safi, akaketi, akauliza sisi ni watu gani, na alipoambiwa korongo aliinuka kwenye kiti akanishika mkono mara ya pili. "Kumbe niko nyumbani!" Mama akaagiza mursik iletwe, maziwa yetu ya mgando, ile ya kibuyu kizuri. Mtu akishakunywa mursik ya nyumba yako, ukoo mmoja na wewe, utaanzaje kumhoji kama polisi? Kwetu mjomba ana neno zito katika safari ya mtoto wa dada yake, na dada yangu akanitazama mimi. Nikasema aende. Nilitia hata sahihi kwenye karatasi yake, na binti akatoa cheti chake cha kuzaliwa na picha mbili. Gari lingemchukua Mulot Jumatatu asubuhi pamoja na wenzake.

Jumamosi ng'ombe wangu akapata joto, nikamwita daktari. Alikuja, akafunga ng'ombe, kisha akaanza kama kawaida. "Mwalimu, mimi nauliza tu. Huyu mgeni wenu wa kazi ni wa ukoo gani?" Nikamjibu kwa fahari kwamba ni wetu, korongo. Akasema, "Ati korongo? Juzi nilikuwa kwa jirani yako ng'ambo ya mto, wale watu wa nyuki. Wao pia wanapeleka msichana. Huko amekunywa mursik akiwa nyuki. Sasa nauliza, huku kwenu mtu anaweza kuwa na baba wawili?" Wasomaji, ukweli mchungu ni kwamba nilikasirika. Sikumkasirikia yule bwana wa mkoba. Nilimkasirikia aliyeuliza. Nilimwambia, "Wewe umetoka ziwani juzi. Utatuonyesha ndugu yetu ni nani?" Maneno hayo niliyasema mimi, mwalimu, mzee wa kanisa, na kila nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze.

Alimaliza kazi yake, akaomba maji na sabuni, akaosha mkono taratibu kuanzia begani. Kisha akasema bila kunitazama, "Sawa, mwalimu. Lakini leo kabla nifungue mtungi umeniuliza baba ya hii fahali ni nani, mama yake alikuwa anatoa maziwa ngapi, na kama ndama zake zinazaliwa bila shida. Nimekujibu yote. Huyu anayebeba mtoto wa dada yako, umemuuliza nini?" Akawasha pikipiki akaenda. Nilibaki pale zizini, na nilipojaribu kuhesabu niliyomwuliza yule bwana, nilipata moja tu: kama angeongezewa mursik.

Kesho yake baada ya ibada nilimwendea yule jirani wa ng'ambo ya mto. Tulizungukana kwa maneno kidogo, kila mmoja akiona haya, mpaka ikabainika kwamba ndugu yetu ni mmoja na wanyama wake ni wawili. Bado hatukutaka kumdhania vibaya. Labda mama yake ni wa nyuki, tukasema, labda tumesikia vibaya. Tukakubaliana aitwe kwangu alasiri hiyo kwa chai ya kuwaaga wasichana, na familia zote mbili ziwepo. Alifika akitabasamu. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wetu ukutani huku, watu wa jirani ukutani kule, na mama yangu kwenye kiti chake katikati. Mama hakupaza sauti. "Karibu, mwanangu," alisema. "Hapa kuna watoto wa korongo, na pale kuna watoto wa nyuki. Keti upande wa baba yako." Yule bwana alitazama ukuta mmoja, akatazama wa pili. Alicheka kidogo, akasema ngoja alete fomu zilizobaki kwenye gari. Tukasikia mlango wa gari, kisha injini, na hatukumwona tena. Tulipopiga ripoti, jina alilotupa lilikuwa la mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Mngetarajia niwaambie kwamba binti alimshukuru daktari. La. Alilia siku tatu kwa hasira, na mimi mjomba wake hakunisemesha mpaka mahindi yakavunwa. "Huyo daktari wako amenichomea nafasi," alimwambia mama yake. Leo ameolewa upande wa Bomet na anauza maziwa, na ukimchokoza atakwambia kwamba huenda kazi ilikuwepo, ila sisi wazee tulimtisha mwenye kazi akakimbia. Simlaumu. Hakuna anayeweza kumwonyesha lile shimo ambalo hakutumbukia. Mimi mwenyewe nisingekuwa na hakika, kama daktari angeridhika hapo na kurudi kwenye ng'ombe zake.

Hakuridhika. Alimwuliza kila mteja habari za gari jeupe na mkoba wa ngozi, mpaka kule soko la mifugo la Siongiroi akaelekezwa kwa mama mmoja wa ukoo wa tembo. Huko bwana yule alikuwa tembo. Binti wa mama huyo, wa kwanza kuzaliwa, alikuwa ameondoka naye miezi saba kabla yetu, na tangu siku hiyo hakuna barua, hakuna salamu, hakuna aliyemwona. Daktari alirudi akiwa mtu mwingine. Wakati ule hatukuwa na jina la jambo hili. Siku hizi nasikia katika semina za makanisa wakiliita biashara ya kusafirisha binadamu. Sisi tulisema tu mtoto amepata kazi mbali, na jambo lisilo na jina ni vigumu kulikataza. Yeye hakusubiri jina. Alianza kusema kwenye majosho, kwenye mikutano ya akina mama, na siku moja chifu akampa dakika mbili kwenye baraza, baada ya tangazo la chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Watu walicheka, mtu wa ziwani anawafundisha Wakipsigis kuuliza ukoo! Lakini alipofika kwenye fahali na baba yake, kicheko kilikatika, kwa maana pale hapakuwa na mkulima asiyejua mama wa fahali wake alitoa maziwa kiasi gani.

Shauri alilotoa lilikuwa letu wenyewe. Alikuwa ameliokota kwetu kwa udadisi wake. Aliwahi kuuliza jinsi tunavyoposa, akaambiwa kwamba washenga huja mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara huulizwa upya hata yale waliyokwisha kujibu. Basi akasema, anayetaka mtoto wenu kwa kazi na aje kama anayeposa. Aje na watu wake. Aseme anatoka wapi, na mmoja wenu aende huko akaone. Akina mama wa kanisa letu ndio walioshika neno hilo. Waliteua wanne wao, na tangu hapo mtu wa kutafuta wafanyakazi akifika kijijini hupelekwa kwanza kwao, hupewa chai, na huulizwa. Wa kweli wamerudi mara ya pili na ya tatu. Kuna wasichana wetu wawili wako kazini Kericho mjini na nyumba wanazofanyia kazi tunazijua mlango kwa mlango. Wengine chai ya kwanza iliwatosha, na hatukuwaona tena.

Nimejiuliza sana kwa nini tulikuwa rahisi hivyo. Jibu la haraka ni umaskini, na ni kweli, mashamba yamegawanywa mpaka yakabaki vipande, na kidato cha nne siku hizi hakimfungulii mtoto mlango wowote. Lakini umaskini haukunizuia kuuliza habari za fahali. Nadhani mlango alioingilia yule bwana ulikuwa adabu yetu. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, tukaona kumwuliza mgeni ni kumtukana, hasa akiwa anasema lugha yetu. Na wakati huohuo mtu aliyetupandishia ng'ombe karibu miaka ishirini, aliyekula kwetu na kuzika nasi, tulimwita mgeni kwa sababu alitoka ziwani. Tulipima undugu kwa sikio. Nami niliyewafundisha watoto wenu kufikiri ndiye niliyepima vibaya kuliko wote.

Ijumaa tulifanya ibada ya kumuaga kabla jamaa zake hawajamchukua kwenda kumzika kwao. Kanisa lilijaa wakulima waliokuja na viatu vyao vya gambuti. Tulipoambiwa anayetaka aseme neno, alisimama mama asiyejulikana na wengi, aliyetoka Siongiroi alfajiri, na waliomtambua kuwa ni yule mama wa tembo ni mimi na wale akina mama wanne. Alisema maneno machache. "Watu wote waliniuliza mbona nilimruhusu mtoto. Pasta aliniuliza, dada zangu waliniuliza, hata polisi. Huyu peke yake ndiye aliniuliza alikuwa amevaa nini." Akaketi. Baadaye nilimfuata nje nikajua kwamba daktari alikuwa akipita kwake kila alipofika soko lile, mwaka baada ya mwaka, na alikuwa ameulizia mavazi hayo Narok, Naivasha, na kila mahali alikopeleka pikipiki yake. Hakupata kitu, na kila mara alirudi kumwambia kwamba hakupata kitu.

Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini nimejifunza kwamba kuna maswali ya kumtupia mtu lawama na maswali ya kumtafuta mtu, na kwamba nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuuliza yale ya kwanza. Basi leo ninauliza la pili, kwa kuwa aliyekuwa akiliuliza hayupo, na gazeti hili hufika mahali ambapo pikipiki yake haikufika. Siku aliyoondoka, binti yule wa Siongiroi alivaa gauni la kijani lenye mkanda mweupe, sweta ya shule ya rangi ya maruni iliyotolewa nembo, na viatu vya mama yake, kwa sababu vyake vilikuwa vimeraruka. Ana kovu dogo la moto kwenye kiganja cha kushoto. Sasa anakaribia miaka ishirini na sita. Je, umemwona?