Mume Wangu Amepiga Kura kwa Jina la Marehemu Binti Yetu

Aliyetuletea kisa hiki anaomba jina na kijiji chake visitajwe; jina la mtoto tumelibadilisha. Msomeni kwa moyo wa huruma.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, wa kabila la Wairaqw, mkulima wa mahindi na maharage upande wa Rhotia, wilaya ya Karatu. Mume wangu ni mwalimu wa dini. Wengi wenu mmeshiriki shindano la gazeti jingine, la wasomaji kuchagua mahali panapopendeza kuliko pote katika milima yetu. Mimi limenivunja moyo.

Juu ya kijiji chetu, ukingoni mwa msitu, kuna maporomoko ya maji. Panapendeza, sikatai. Mwaka jana binti yangu Theresia, mwenye miaka tisa, aliteleza pale akichota maji, akaumia kichwa. Gari halifiki kwetu. Tulimbeba kwa machela kwenda hospitali Karatu, akakata roho njiani. Kwa mila zetu mama aliyefiwa na mtoto hutengwa kwa muda asije akaambukiza wengine mkosi, basi nilikaa miezi bila salamu ya mtu, nachota maji peke yangu chini kabisa ya kijito.

Sasa kijiji kizima kinapapigia kampeni pale pale. Wanasema tukishinda, wageni wanaokwenda Ngorongoro watapitia kwetu na serikali itatuchongea barabara. Hata walionikwepa wakaja wakicheka, "Mama Theresia, bado kura yako tu!" Niliwafukuza.

Juzi nikamuuliza mume wangu kama amepiga kura.

"Nimepiga. Yangu, yako na ya Theresia."

"Theresia yupi?"

"Wetu. Si alijua kusoma? Barabara ingekuwepo angefika hospitali. Mwache naye asaidie wenzake."

Alikuwa analia. Nilimzaba kofi, mimi ambaye sijawahi kumpiga mtu mzima. Nampenda na ninamwonea huruma, lakini nina hasira naye. Mwanangu anasifu mahali palipomuua!

Nikiwaambia wenye shindano, huenda wakafuta kura za kijiji chote. Mume wangu ataaibika kanisani, na mtoto mwingine akianguka atabebwa kwa machela vilevile. Nikinyamaza, nitakuwa nimekubali.

Jana mwenyekiti wa kijiji, anayekusanya kura zetu, alinisimamisha njiani, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kura tatu za nyumba yangu. Kwenye mazishi hakuja. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?