Chupa Nane za Maji Matupu

Kabla mgeni wa hoteli hajapanda baiskeli, mimi humpa vitu vitatu: chupa moja ya maji, chupa moja ya maji ya ukwaju niliyotia sukari na chumvi, na kachiri za muhogo wa kukaanga nilizozifunga kwenye karatasi. Wengi huipokea chupa ya kwanza na kuvitazama hivyo vingine kwa shaka. Mmoja aliniuliza kama nauza vitafunio. Sikasiriki. Huwaeleza polepole, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi yangu na ndiyo tabia yangu tangu utotoni. Nawaambia jasho si maji peke yake. Panda baiskeli saa moja juani kisha ulambe mkono wako, utajua limebeba nini. Kilichotoka na chumvi hurudishwa na chumvi. Kisha nawaambia wasiogope, barabara yetu haina milima mikali, tutafika.

Zamani sikuwa nikisema hivyo. Somo langu lilikuwa fupi: kunywa maji, usingoje kiu.

Nililiokota kwa wageni wenyewe. Mimi ni mtu wa bara. Nilikuja Diani kutafuta kazi ya hoteli kama wengi wetu, nikaanza kwa kuosha sufuria, nikaishia kuwatembeza wageni kwa baiskeli. Niliwaona wakinyonya chupa zao kila baada ya dakika chache, nikaamini hiyo ndiyo siri yote. Sikuangalia walichokuwa wakitafuna kutoka mifukoni mwao.

Mtu niliyemfundisha somo hilo kwa bidii kuliko wote alikuwa mtunza bustani wa hoteli yetu, Mdigo wa Kinondo, aliyenizidi umri kwa miaka michache. Nilimwita kaka. Yeye aliniita mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka. Alikuwa kibarua kwa miaka mingi: wageni wakipungua, alirudishwa nyumbani hadi aitwe tena. Mwaka ule meneja alitaka kuanzisha safari ndefu, kutoka Diani hadi Lunga Lunga na kurudi kwa siku moja, na akahitaji kiongozi wa pili wa kuandikwa kazi kabisa. Alisema atakayeimaliza njia hiyo bila kubebwa na gari, nafasi ni yake.

Kaka aliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Lakini alikuwa na presha. Kliniki walimpa tembe za kumeza kila asubuhi, wakamwambia apunguze chumvi. Yeye hakupunguza, aliiacha kabisa, kwa utiifu ule wa mtu aliyemzika baba yake kwa ugonjwa huohuo. Mkewe alimpikia chungu chake peke yake. Meneja hakujua. Hotelini nilijua mimi tu, na aliniomba nifiche, nikaficha.

Siku ya kuijaribu njia hiyo, mimi na kaka tuliondoka Ukunda, jirani na Diani, baada ya sala ya alfajiri, katika miezi ile ya kaskazi ambapo jua huwaka kabla hujamaliza chai. Msambweni tulisimama kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi.

“Mbaazi zako zina chumvi, mama?” kaka akauliza.

“Ulitaka nizipike kwa sabuni?”

“Nauliza tu.”

“Mbaazi zisizo chumvi hupewa mgonjwa, mwanangu. Wewe mgonjwa?”

“Mimi mwendesha baiskeli,” akajibu, akanikata jicho ninyamaze. Akala mahamri mawili makavu na chai ya rangi. Mimi nilikula mbaazi zangu, na zake pia.

Naeleza haya kwa utaratibu kwa sababu kosa lilianzia pale mezani, si barabarani. Mtu anayekwenda mbali kwa baiskeli asile kama anayekwenda kukaa kivulini. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, tende, uji mzito, vyote hivi ni chakula kizuri cha njia, na kila kimoja kinapatikana kwetu kuanzia Waa hadi mpakani. Lakini pawe na chumvi mahali fulani. Na mwenye dawa za presha amuulize daktari kwanza, amwambie hasa anakwenda kufanya nini. Sisi hatukuuliza. Tuliogopa kukatazwa.

Ramisi, karibu na mashamba ya miwa, nilinunua kachiri zenye chumvi na pilipili, nikazila huku nikiendesha kwa mkono mmoja.

“Nyinyi wabara mwalamba chumvi kama ng’ombe,” kaka akasema.

“Ng’ombe hachoki njiani.”

“Ng’ombe hana presha.”

“Basi wewe kunywa maji.”

Akanywa. Kila tulipopita daraja au kituo nilimwambia anywe, naye akanywa, kwa kuwa mimi ndimi niliyezoea safari za baiskeli na kazi ilikuwa yake kuipata. Chupa zilipokwisha tulijaza tena madukani. Zilikuwa chupa kubwa, zile za lita moja na nusu. Mimi nilizihesabu kwa furaha, nikiona mwanafunzi wangu anafuata somo.

“Mwalimu, tumbo langu limekuwa dumu,” akasema. “Nikipita kwenye tuta lasema klu-klu.”

“Hakuna aliyeuawa na maji, kaka, ila aliyezama.”

Tulicheka sana. Maneno yale ni yangu, niliyasema mimi.

Lunga Lunga tulifika mchana. Mimi nikaagiza wali na maharage; yeye akala ndizi mbivu mbili tu, akasema tumbo halina nafasi. Alikuwa akiishika pete yake ya fedha, anaizungusha, haizunguki.

“Imekaza,” akasema. “Mke wangu anaivuta nisije nikavuka mpaka nikaoa Tanzania.”

“Ni joto tu,” nikamwambia. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, nami nilikuwa na jibu tayari. Mtu mwenye tabia ya kueleza ana ugonjwa huo: hachelewi kupata jibu.

Tulipokuwa tukirudi hakuzungumza. Baada ya kilomita kadhaa alisema kichwa kinamuuma. Kisha akateremka, akainama kando ya barabara, akatapika. Alitapika maji tu, meupe kama yalivyoingia. Nilimketisha kivulini, nikamweleza kwamba jua limemkausha na mwili unadai maji. Nikampa chupa ya saba. Alishika mkono wangu.

“Usimpigie meneja.”

“Simpigii.”

“Nitamaliza. Ukimpigia atatuma gari.”

Nilimwambia yuko karibu, kwamba sehemu ngumu imekwisha, kwamba nimewaona wageni wachovu kuliko yeye wakafika wakicheka. Nilimtia moyo kwa kila neno nililokuwa nalo. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na ilikuwa na chaji.

Tulipopita Ramisi aliniuliza Kinondo iko upande gani. Tulikuwa tumeelekea huko; barabara ni moja, naye alizaliwa huko. Nilidhani ananitania, nikacheka. Akauliza tena, kwa sauti ileile, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza. Safari hii sikucheka. Akasimamisha baiskeli, akailaza chini taratibu kama anayelaza mtoto aliyesinzia, akaketi kando yake.

Nilipiga magoti, nikamshika kisogo, nikamnywesha chupa ya nane. Nusu ilimwagika kifuani, nusu ikaingia. Nilikuwa nikimwambia, “Kunywa kaka, kunywa, utapata nguvu.” Akanywa. Halafu macho yakageuka na mwili wote ukaanza kutetemeka kama wa mtoto mwenye degedege.

Pikapu iliyobeba mikungu ya ndizi ilitupeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniuliza amekula nini, nikamwambia. Akaniuliza amekunywa nini, na hapo nilijibu, Mungu anisamehe, kwa fahari kidogo: “Sikumwacha akauke, daktari. Nimempa chupa nane, zile kubwa.”

Kalamu yake ilisimama. Akauliza kama anatumia dawa yoyote. Nikamwambia na hilo pia, siri ambayo haikuwa na kazi tena.

Baada ya kipimo cha damu alinieleza, polepole, kama mimi ninavyowaeleza wageni. Tembe zile humtoa mtu maji pamoja na chumvi. Jasho nalo hutoa vyote viwili. Sisi tukarudisha maji matupu, chupa juu ya chupa, hata chumvi iliyobaki katika damu ikawa nyepesi kupita kiasi, na maji yakaingia pasipotakiwa, mpaka kwenye ubongo, ukavimba ndani ya fuvu. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma, kutapika, kupotewa na njia. Alichohitaji ni kupumzika, na chumvi. Nilimkumbuka kila mama niliyemwona akimkorogea mtoto anayeharisha sukari na chumvi katika kikombe. Jambo hilo hata mimi nililijua. Sikudhani linawahusu wanaume wawili juu ya baiskeli.

“Ile chupa ya mwisho,” nikauliza, “ningeiacha?”

“Hukujua,” daktari akasema.

Hilo halikuwa jibu la nilichouliza, na sote wawili tulifahamu.

Kaka alifariki kesho yake asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa amezikwa Kinondo. Mimi ni Mkristo. Walipopanga safu za sala ya maiti nilisimama kando na wenzangu wa hoteli, nikiwa nimeshika ndara za watu wawili walioniomba niwashikie.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole mkewe. Alikuwa ameingia eda, kwa hiyo hakutoka. Niliwekewa kigoda barazani, na yeye akaketi ndani, nyuma ya pazia la mlango. Sikuuona uso wake na yeye hakuuona wangu. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilitaka kumweleza yote, kwa mpangilio, kama alivyonieleza daktari.

“Shemeji,” akasema, “nasikia ulikuwa naye mpaka dakika ile.”

“Nilikuwa naye.”

“Nimekuwa na swali moja linaninyima usingizi. Nikimfikiria barabarani, jua lile, namfikiria ana kiu. Alikunywa maji?”

Nilitazama pazia. Lilikuwa la maua ya buluu, limefifia upande unaopigwa na jua.

“Alikunywa, shemeji.”

“Mpaka mwisho?”

“Mpaka mwisho.”

“Nani aliyempa?”

“Mimi. Kwa mkono wangu.”

Nikamsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu niketi, kilio chepesi cha mtu aliyetuliwa mzigo. “Alhamdulillahi,” akasema. “Hakuondoka na kiu. Mwenyezi Mungu akulipe kwa maji yale, shemeji. Akulipe kila tone.”

Maneno niliyoyapanga yalikuwa hapo, mdomoni. Niliyasikia yalivyo sahihi, na nikasikia yatakavyomnyang’anya kitu pekee alichobakiwa nacho. Nikasema amina.

Eda imekwisha siku nyingi. Kila Ramadhani huniletea futari hadi geti la hoteli, mimi nisiyefunga: mihogo ya nazi, kaimati, bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Huwaambia walinzi mpelekeeni yule aliyemnywesha mume wangu. Siku hizi chakula chake kina chumvi. Hapiki tena chungu cha pembeni. Nami hula chote, kisha huosha bakuli na kulirudisha, na kila ninapolirudisha huwa nimejipanga upya njiani.

Siku ile ya tatu, kabla sijaondoka, mkono wake ulitokea chini ya pazia ukiwa umeshika gilasi. Nilikuwa nimetoka Diani kwa baiskeli, na shati langu lilikuwa limelowa.

“Kunywa kwanza, shemeji,” akasema. “Usije ukapata taabu njiani.”

Yalikuwa maji matupu ya mtungini, baridi. Alingoja nyuma ya pazia mpaka nimalize, nikamaliza.