Alhamisi ya Mzee Tiki

Mtaani walimwita Mzee Tiki, kwa sababu ya saa. Alikuwa fundi saa tangu ujana, na hata sasa macho yakiwa yameanza kumtupa, ukimpelekea saa iliyokufa ataiweka sikioni kwanza, akunje uso kama daktari, ndipo akuambie kama ina maisha. Shule hakusoma. Namba alizijua kwa ajili ya kazi. Herufi alizijua za kuungaunga. Msomi wa nyumba ile alikuwa mkewe.

Mkewe aliingia chuo kikuu akiwa na wajukuu. Watu walicheka mpaka wakachoka.

"Bibi, ukimaliza chuo utaajiriwa na nani? Na malaika?"

"Hata wao siku hizi wanataka vyeti," aliwajibu, akapita na mkoba wake.

Laptopu aliipata kwa mwanafunzi mwenzake, kuukuu na nzito kama tofali. Kwa kuwa ilikuwa imechoka, yule mwenzake aliitia mfumo wa Linux badala ya Windows, akasema hiyo haihitaji mashine yenye nguvu. Bibi akaizoea. Kazi yake ya mwisho chuoni ilihusu mafundi wa zamani: mshona viatu, mnoa visu, mpiga mabati. Aliwafuata walipo, akawarekodi wakizungumza, na jioni alipeleka rekodi kwenye ghala la chuo mtandaoni, kisha akazifuta kwake, maana mashine haikuwa na nafasi. Fundi saa naye alirekodiwa, mezani pake, kama fundi mwingine yeyote. Hakupendelewa.

Kisha bibi akaugua. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mara ya pili hakurudi.

Msiba ukapita, watu wakarudi makwao. Mzee Tiki alikuwa akifagia ukumbi siku moja aliposimama na ufagio mkononi. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo mkewe alipenda kumwambia kila akifagia, kwamba anahamisha vumbi tu, halitoi. Maneno yalikuja. Sauti haikuja. Alikaa kitini akaitafuta, akaitafuta tena kesho yake, na alichopata ni maneno matupu. Picha zilikuwapo. Video ya harusi ya binti yao ilikuwa na muziki mwanzo mpaka mwisho.

Ndipo akakumbuka zile rekodi.

Binti yake alikwenda kuuliza chuoni. Akaambiwa akaunti za marehemu zinafungwa moja kwa moja mwisho wa wiki hiyo. Neno la siri jipya hawatoi, ndio utaratibu wao. Lakini kama laptopu ya marehemu bado imelihifadhi lile la zamani, ailete, na kitakachofunguka ni cha familia. Shida ni kwamba tangu mama afariki, chuo kilibadilisha mtandao wake. Kila mashine lazima iwekwe programu mpya, la sivyo haiingii.

Basi Ijumaa asubuhi Mzee Tiki akaifunga laptopu katika kanga ya mkewe, akaenda.

Chumba cha kompyuta kilikuwa nyuma ya maktaba, kimejaa nyaya na feni moja inayolalamika. Aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya kichwa, ambaye wenzake walimwita Dada Kebo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mashine ya mwenzangu."

Alikuwa na habari tayari. Alisema pole, akaifungua. Mzee akampa namba za kufungulia, alizopewa na mkewe hospitalini. Jamaa aliyekaa meza ya pili akachungulia.

"He! Linux! Dada Kebo, leo hutakula mchana."

"Wewe nyamaza. Hata yako ya kununuliwa dukani ilikushinda wiki nzima."

Akachomeka flashi yenye ile programu. Mashine ikaikataa. Lile faili lilikuwa la Linux ya ukoo mwingine; kila ukoo una faili lake. Akatafuta la ukoo huu, akajaribu. Sasa programu ikasema inakosa programu mwenzake, bila yeye haitembei. Akamtafuta mwenzake huyo kwenye kompyuta yake, akamleta kwa flashi. Maandishi meupe yakateremka kwenye kioo kama mchele ukimwagwa. Mzee Tiki alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, akifuata uso wa yule mwanamke na si kioo.

"Imeingia," alisema Dada Kebo.

"Imeingia?"

"Programu imeingia. Sasa tuone kama mtandao utatukubali."

Mtandao haukuwakubali. Alijaribu tena, ukakataa. Akaiondoa programu yote, akaiweka upya, ukakataa. Aliitazama antena ya mtandao ukutani, akahama na laptopu mpaka dirishani, akarudi. Jamaa wa meza ya pili akaanza tena.

"Si nilikwambia? Mashine hiyo ina kiburi cha—"

Akamwona mzee, akaumeza mwisho wa sentensi.

Dada Kebo alishusha miwani machoni. Akafungua mahali ambapo programu huandika malalamiko yake, akasoma polepole, midomo ikicheza. Akatazama pembe ya juu ya kioo.

"Baba," alisema, "mashine hii inasema leo ni Alhamisi. Si ya jana. Ni ya mwaka jana."

Mzee aliigeuza kofia magotini.

"Ndiyo maana. Mtandao wetu mpya una hati yake, kama kitambulisho, unaionyesha mashine ili iuamini. Hati imetolewa mwaka huu. Sasa mashine ikiiangalia inaona hati ya siku ambazo hazijafika, inadhani ni tapeli. Betri ya saa imekufa, bila shaka. Betri zikifa, saa hurudi nyuma."

"Betri nzima," alisema Mzee Tiki. "Niliibadilisha mwenyewe."

"Sasa nani amechezea tarehe?"

"Ni mimi."

Feni ikazunguka. Dada Kebo akageuza kiti chake kumwelekea.

"Kwa nini, baba?"

"Alhamisi hiyo alikuwa hajambo."

Ilikuwa siku mkewe aliyoruhusiwa kutoka hospitali. Alikula, akaoga mwenyewe, akaiwasha laptopu yake kitandani na kumtania mumewe kwamba amekonda kuliko mgonjwa. Walicheka mpaka akakohoa. Baada ya mazishi mzee alimwomba binti amwonyeshe saa ya ile mashine inakaa wapi. Tangu hapo, kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, aliiwasha akairudisha Alhamisi. Ikisogea Ijumaa, anairudisha. Hakumwambia mtu. Haikuwa na maana yoyote na alilijua hilo. Mtu aliyeishi kwa kurekebisha saa za watu hawezi kujidanganya kuhusu saa. Lakini siku ilikuwapo mahali, imewashwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiitunza.

"Nikiweka tarehe ya leo, itaunganika," alisema Dada Kebo. "Ukifika nyumbani unairudisha."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye vitufe. Mzee akanyoosha wake, akaufunika.

"Ngoja kidogo."

Akangoja. Jamaa wa meza ya pili alijitia kutafuta kalamu chini ya meza.

Kuirudisha angeweza. Lakini angekuwa ameiruhusu siku iondoke, tena mbele ya watu. Alifikiri juu ya ile Alhamisi: alikuwa bado anacho kila kitu cha siku hiyo, uji, taulo, mwanga wa dirishani, kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa na mlio. Akauondoa mkono.

"Weka ya leo."

Akaiweka. Jina la chuo likatokea kioo kizima. Ghala la bibi likafunguka, na mafaili yake yamepangwa: mshona viatu, mnoa visu, mpiga mabati, na chini, fundi saa.

"Lipi kwanza, baba?"

"Hilo la kwetu."

Dada Kebo akambonyezea. Ukatoka ukimya mfupi, kisha mwanamume akakohoa, akasema, "Nilianza nikiwa kijana, kwa mjomba wangu." Ukimya. "Hapana, hakunifundisha, niliiba kwa macho." Ukimya. "Wee mama, hilo nawe unalijua, unaniuliza la nini?" Kisha mwanamume yule akacheka, kicheko cha mtu anayechekeshwa na mwenzake.

Mzee Tiki alisogeza sikio karibu na mashine.

"Yeye yuko wapi?"

Dada Kebo akafungua ya mshona viatu. Majibu matupu. Ya mnoa visu, vivyo hivyo. Akakuta humo ghalani karatasi ya maelekezo ya mwalimu wa marehemu, akaisoma kimya, akavua miwani.

"Wanafunzi waliambiwa waondoe sauti ya muulizaji, baba. Yabaki ya mafundi peke yao. Mama amekata kila alipozungumza. Amekata vizuri sana."

"Na pale alipokuwa?"

"Pamebaki wazi tu."

"Nirudishie pale nilipocheka."

Akamrudishia. Mzee akainama, sikio likagusa mashine, macho ameyafumba. Wee mama, hilo nawe unalijua. Kicheko. Kisha pale pawazi.

"Ongeza sauti," alisema.

Akaongeza.

"Ongeza, mwanangu."

"Ndiyo ya juu kabisa, baba."

"Basi rudia."

Akarudia. Jamaa wa meza ya pili aliinuka, akaizima feni.