Nyumba Isiyolala Tupu

Kwa miaka kumi na mmoja mimi na mama yangu hatukuwahi kutoka nyumbani pamoja. Yeye akienda kliniki, mimi nabaki. Mimi nikienda sokoni, yeye anabaki. Kukiwa na harusi, mmoja wetu anakwenda na mwingine anakuja kusimuliwa: bibi harusi alivaaje, pilau ilikuwaje, nani hakuja na kwa nini.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, jiko na kibaraza, katika safu ya nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, hapa mtaa wa Jericho. Zilijengwa Waingereza wakiwa mbioni kuondoka, na baba yangu alipewa yake akiwa kijana wa kiwanda cha sabuni, Industrial Area. Alipofariki, karatasi ya kupanga ikabaki kwa jina la mama. Mambo yangebaki hivyo hivyo kama si yaliyowapata majirani wetu wa mbele.

Walikuwa familia kutoka magharibi ya nchi, watu wa kanisa, tuliozoeana nao tangu utoto. Walikwenda kwao kumzika babu wakakaa wiki tatu. Waliporudi walikuta kufuli jingine mlangoni na mapazia ya watu wengine madirishani. Waliokuwa ndani walikuwa na karatasi, na hakuna aliyejua zimetoka wapi. Yule baba wa nyumba alikaa juu ya sanduku lake kando ya mtaro mchana kutwa, akimwambia kila apitaye, "Hebu nisaidieni. Hii si nyumba yangu?" Sote tulijua kwamba ni yake. Wiki hiyo hiyo walirudi kijijini na hatukuwaona tena.

Mama alikuwa ametazama yote kutoka kibarazani. Aliingia ndani, akafunga mlango, akatuambia sisi watoto wake watatu, "Kuanzia leo nyumba hii hailali tupu. Hata siku moja."

Mwanzoni haikuwa shida, kwa kuwa tulikuwa wanne. Kisha kaka yangu akaoa, akapanga Tassia, ghorofa ya sita. Dada yangu akaolewa Mombasa. Mimi nilikuwa nashona mashati kiwandani, natoka alfajiri narudi jioni, na mama akaanza kuumwa magoti na presha. Siku za kliniki hakukuwa na wa kubaki. Nikaacha kazi. Nilinunua cherehani, nikaiweka kibarazani, nikaanza kushona sare za shule. Nilijiambia ni kwa muda tu.

Palikuwa na mwanamume mmoja, dereva wa lori kutoka Voi, aliyetaka kunioa. Alikuja kwa heshima miezi minne, akanywa chai yetu, akamsikiliza mama. Siku moja akaniuliza, "Tukioana, tutaishi wapi?" Nikamwambia, "Hapa." Alikitazama kile chumba, akatazama pazia linalotenganisha kitanda changu na kochi, akatazama mlango wa mama. Wiki iliyofuata hakuja, na hakuja tena. Sikumlaumu yeye. Nilimlaumu mama, kimoyomoyo, kila siku nikipiga pasi sare za watoto wa watu.

Mama hakujua. Alikuwa akikaa karibu nami akichambua mchele na kunipa habari za mtaa, maana yeye ndiye pekee katika safu yetu anayekumbuka tangu mwanzo. Katika nyumba ile aliishi mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa hapa. Ile ya kona ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa na televisheni, na watu walijaa hadi dirisha likavunjika. Pale penye kibanda cha chipsi palikuwa na bustani ya mboga ya mzee mmoja mkali. Nilifika mahali naijua historia ya milango arobaini bila kunyanyuka kwenye kiti.

Ndiyo maana yule mgeni alipokuja, alielekezwa kwetu. Msichana wa jirani alinijia mbio. "Auntie, niaje, kuna mzungu anatafuta mtu wa zamani. Nimemshow ni hapa kwenu."

Alikuwa mwanamke wa umri kama wa mama, amevaa viatu vya kupandia milima. Alisema baba yake alikuwa msimamizi wa waashi waliojenga nyumba hizi. Sasa yeye na wazee wenzake, huko kijijini kwao Uingereza, wanaandika kitabu cha kumbukumbu za kijiji, nyumba kwa nyumba, na katika kitabu hicho alitaka ukurasa mmoja kuhusu mahali baba yake alikojenga. Alitaka kumwuliza mama maswali. Mama hana Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo nikawa mkalimani.

Mgeni alitoa picha ya safu ya nyumba za matofali, ndogo, zimeshikana kama zetu. Alisema ziko nyuma ya kanisa la kijijini na ndimo alimozaliwa. Mama aliishika picha mbali na macho.

"Mbona zina moto juu ya paa?"

Nilimweleza kuwa ni moshi wa mahali pa kuotea moto ndani, kwa sababu ya baridi. Mama akatikisa kichwa. Kisha akauliza alichokuwa akitaka hasa kujua: "Mwulize, huko kwao mtu akisafiri, akirudi anaikuta nyumba yake?"

Mgeni alishangaa nilipomtafsiria. Akasema ndiyo, anaikuta. Akasema mama yake alikuwa anaacha ufunguo chini ya chungu cha maua, na kijiji kizima kinajua ulipo. Mama alinitazama kama mtu anayedhani mkalimani amekosea.

Wakaongea saa nzima, na mgeni akiandika: mkunga, televisheni, bustani ya yule mzee mkali. Mwisho akauliza, "Umefurahia kuishi hapa miaka yote hii?"

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama yule mwanamke usoni, akajibu taratibu.

"Mwambie sijaipenda nyumba hii hata siku moja. Nilimfuata mume wangu. Aliniambia ni mwaka mmoja, halafu turudi Malindi. Mwaka haukuisha. Ningekuwa nimeshakwenda zamani, lakini ninaye huyu binti yangu. Hana mume, hana pengine pa kukaa. Nikiiacha, ataangukia wapi?"

Nilihisi uso wangu unawaka. Mgeni alikuwa amenyanyua kalamu, ananisubiri. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema amefurahia sana. Anasema majirani wamekuwa wema."

Akaandika. Alitushukuru, akamkumbatia mama, akaenda zake. Kwa hiyo mahali fulani Uingereza kuna kitabu cha kijiji chenye uongo wangu ndani yake.

Nilikuwa naosha vikombe mama aliponifuata jikoni.

"Ulimwambia nilivyosema?"

"La."

"Kwa nini?"

Sikuweza kujizuia. "Mama, mimi niliacha kazi kwa ajili yako. Nilikaa hapa kwa sababu wewe hutaki nyumba ilale tupu."

"Kwa ajili yangu?" Alishika ukingo wa sinki. "Mimi nilikuona umeacha kiwanda, umeweka cherehani yako barazani, yule dereva akaja akaenda na wewe hukumfuata. Nikasema huyu mtoto anaipenda nyumba ya baba yake. Nikasema basi, tumlindie."

Tulisimama pale. Maji yalikuwa yakimwagika na mimi siyafungi, jambo ambalo katika mtaa wetu, maji yanapokuja kwa zamu, ni dhambi. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele. Miaka kumi na mmoja, kila mmoja wetu akimshikia mwenzake mlango wa jela.

Wiki mbili baadaye tulikata tiketi za basi la asubuhi kwenda Malindi. Nilimpigia kaka yangu aje akae siku chache. Akasema, "Sister, nikikosa kazini wiki hii nafutwa. Fungeni tu." Tukafunga. Msichana wa jirani aliahidi kuanika nguo zake kwenye kamba yetu kila siku, ionekane kuna watu. Mama alirudi mara tatu kujaribu kufuli kabla ya kukubali kuondoka.

Malindi tulifikia kwa mdogo wake. Siku mbili za kwanza nilimpigia yule msichana asubuhi, adhuhuri na jioni, hadi akaniambia, "Auntie, nyumba haina miguu." Mama hakuuliza hata mara moja. Alikuwa akikaa uani na mdogo wake, wakikuna nazi, wanacheka mambo ya utotoni ambayo sikuwahi kuyasikia. Magoti yake yaliacha kuvimba. Siku ya nne, nilipoanza kupanga mabegi, alisema bila kunigeukia, "La kwangu liache. Mimi sirudi."

Nilirudi peke yangu. Nyumba ilikuwa salama, na nguo za jirani zimejaa kambani. Nilifungua, nikakaa kwenye kochi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Karatasi ina jina la mama, na mama hayupo. Wa kupokezana naye hayupo. Vijana wa mtaa wanasema nyumba hizi zitabomolewa yajengwe maghorofa, na atakayekutwa ndani ndiye atakayefikiriwa kupewa nyumba mpya. Wengine wanasema hakuna atakayefikiriwa. Sasa nikienda sokoni nanunua nyanya bila kuchagua, narudi mbio mbio, nikifika nikamwona mtu yeyote amesimama karibu na mlango moyo unanipasuka.

Idi iliyopita nilifungasha nguo na zawadi, nikafika hadi kwenye ofisi ya mabasi. Nilikaa kwenye benchi na tiketi mkononi. Basi lilipoitwa, sikunyanyuka.

Nilimpigia mama nikiwa njiani kurudi. "Kazi zimekuwa nyingi, Mama. Sare za shule."

Alijua kwamba sikukuu hakuna anayeshona sare. "Njoo wakati wowote," alisema. "Mdogo wangu anakuulizia."

Nikamwambia nitakwenda shule zikifungwa. Tangu siku hiyo zimefungwa na kufunguliwa mara mbili.