Aliyemwosha Zaina

Tangu bendera ya uhuru ipandishwe mpaka mwaka wa sabini na sita, mwanamke wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, akifa, aliitwa Zaina Mukandekezi kumwosha. Mwosha akiona aibu kwenye mwili wa maiti huifunika, akiona nuru huitangaza, ndivyo tulivyofundishwa. Zaina hakutangaza hata nuru. Ukimwuliza marehemu alikuwaje, yeye alikuuliza bei ya mandazi. Nilimpenda, lakini hilo liliniudhi sana, maana mimi nauza mandazi mlangoni, na mandazi bila habari hayaliki.

Mume wake, Saidi Twagirayezu, fundi cherehani, alioa wa pili: Mwamini Nyirarukundo. Wanawake wale wawili walitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Mungu alimpa Mwamini mikono mizuri na mdomo usio na mlango. Kilichoingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri kilikuwa kimefika bombani. Na pale bombani, mbele ya foleni nzima, ndipo alipowasimulia watu kwamba mimba za Zaina zilikuwa zikiharibika moja baada ya nyingine. Zaina alikuwa kwenye foleni. Akainua ndoo yake ikiwa tupu, akarudi nyumbani. Tangu siku ile hakumsemesha tena mukeba wake, kama tunavyomwita mke mwenza huku kwetu. Saidi alikufa, wakakaa eda pamoja, wakala chungu kimoja, bila neno.

Kisha Zaina akaugua. Hospitalini daktari alimwambia wanaweza kumpasua. Huenda akapata muda, huenda asipate. Zaina akamshukuru kwa adabu, akavaa kanzu yake, akarudi kwa miguu.

"Mimi sendi tena, Mama Yusufu," aliniambia. "Nataka kufa nikijua niko kwa nyumba gani."

Nilimgombeza, nikalia, nikamgombeza tena. Hakubishana. Alilala kitandani uso ukielekea mlangoni, na mlango tuliuacha wazi. Ilikuwa masika. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia vichochoroni, ukafuta mnara wa msikiti, ukafuta maduka, ikabaki milio ya vyerehani tu, kana kwamba vinashona wingu. Zaina alisinzia, akaamka, akasinzia. Ukikaa naye muda mrefu, wewe pia hukujua kama umelala.

"Wamekuja tena," alisema siku moja.

"Nani?"

"Wale niliwaosha. Iko pale kwa mkeka. Nywele yao haijakauka."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka huohuo. Nikakunja miguu, nikasoma kila aya niliyoijua na nyingine niliyoibuni. Zaina akacheka kidogo. Alisema hawataki kitu, wanapenda tu kukaa, na kwamba yule marehemu bibi wa duka la kanga ameanza kunenepa. Nami, Mungu ni shahidi, nilianza kuwasalimia nilipoingia. Chumba kilikuwa na ubaridi mzuri, kinanukia kafuri na mvua, na hofu yangu yote niliiacha nje pamoja na viatu.

Ndipo alipotoa wasia wake. Nilidhani atanitaja mimi, au dada yake wa Kabuga aliyesilimu zamani, mwanamke mpole kama maziwa.

"Mwamini ataniosha," akasema. "Peke yake."

"Ayi wee! Zaina! Mwamini huyu wa bombani? Iko na mdomo kama redio!"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alifumba macho. "Dada yangu atanyamaza sababu hana la kusema. Wewe utanyamaza sababu unaogopa. Mwamini akinyamaza, atakuwa amenipa kitu."

Nikapeleka ujumbe upande wa pili wa ukuta, nikiwa nimekasirika kana kwamba aliyetukanwa ni mimi. Mwamini alikuwa akichambua maharage. Aliposikia, sinia likamtoka, maharage yakatawanyika hadi uani.

"Ananitukana!" akapiga kelele. "Anataka watu waseme nimefurahi kumuzika!"

Lakini alikuja. Alisimama mlangoni, mwili nusu ndani nusu kwenye ukungu, kanga imefungwa kichwani upande. Wanawake wale hawakuwa wamesemeshana tangu wakiwa vijana.

"Iko kitu utaona kwa mwili yangu," Zaina akamwambia, bila hata salamu. "Utaona wewe, na Mungu."

"Kitu gani?"

"Utaona."

"Na mimi nikisema?"

"Nitakuwa nimekufa, sha. Utasema tu."

Mwamini akaingia, akaketi kwenye mkeka, kati ya wale wageni wasioonekana. Siku zilizofuata alikuja kila asubuhi, na Zaina akamfundisha kazi, usingizini nusu, macho nusu. Upande wa kulia kwanza. Nywele zigawanywe mara tatu. Kafuri kwa maji ya mwisho.

"Usimwage maji kwa uso haraka," alisema. "Atashtuka."

"Nani atashtuka?"

"Mimi."

 Mwamini aliuliza tena habari ya nywele, ingawa alikuwa ameshaambiwa.

Zaina alifariki siku ya Jumanne mvua ikinyesha, saa ya chai, bila kusumbua mtu. Tulitundika mashuka uani kuzunguka kile kitanda cha kuoshea. Mimi nilikuwa nikipitisha ndoo chini ya shuka, na mikono ya Mwamini ilizipokea. Nilisikia maji yakimiminwa taratibu, yakikoma, yakimiminwa tena. Kwa muda fulani yalikoma kabisa. Nilinyoosha shingo, nisiseme uongo, lakini shuka lilikuwa zito kwa mvua na halikupeperuka. Kisha nikamsikia Mwamini akisema kwa sauti ndogo sana, "Pole, dada. Pole." Hakuwa amewahi kumwita dada. Nikakaa chini kwenye tope, nikalia, ndoo ikiwa mkononi.

Wanaume wakambeba, wakaenda naye makaburini juu, na sisi tukabaki ndani. Siku ya hitima wanawake walijaa mpaka uani. Kahawa ilizunguka, na nyuso zote zilielekea upande mmoja. Kila mtu alikuwa akimngojea Mwamini, na mimi nikiwa wa kwanza.

Nyiransabimana, muuza mkaa, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Wanasema Zaina iko na hirizi kwa kiuno," akasema, huku akijifanya anapuliza kahawa. "Wanasema ndiyo ilikuwa inakula mimba zake. Mwamini, si wewe ulimuosha? Tuambie."

Vikombe vikashuka. Niliona shingo ya Mwamini ikivimba. Ulikuwa uongo, yeyote angeona kwenye uso wake kwamba ulikuwa uongo, na neno moja lingeuzima. Lakini hilo neno moja lingeita la pili: kama si hirizi, basi nini? Mwamini alifungua kinywa.

Akakifunga.

"Wamemaliza sukari kule nyuma," akasema. Akainuka, akatoka.

"Mnaona? Ni kweli!" Nyiransabimana akasema. Nikamwambia afunge domo lake kabla sijalifunga kwa kikombe, nikamfuata Mwamini.

Alikuwa nyuma ya jiko, amesimama akiegemea ukuta, pindo la kanga amelitia lote kinywani na kuliuma. Machozi yalimtiririka hadi shingoni. Mwili mzima ulitetemeka kama wa mtu anayezuia mlango usisukumwe. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena, na kwa mbali vyerehani vilikuwa vikiita.

Nilijua angeniambia. Kama ningemshika bega na kusema neno moja tu, angeniambia yote, na angepumzika. Nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikasimama mbele yake ili wale wa ndani wasimwone, nikaanza kumsimulia kuhusu unga wa ngano, jinsi ulivyopanda bei, na mafuta, na ule mkaa mbichi wanaotuuzia. Nilisema, nikasema, mpaka kanga ikamtoka mdomoni yenyewe na akaweza kupumua.